Pale Mafunjo Yalipochanika

Jumanne, 1 Machi 1904

Bwana Tournel amekuja na boksi la kofia. Nikadhani amemletea Apolline kofia. Wapi! Ndani mna ndara za ngozi, zenye kamba za kufunga mpaka magotini. Eti ndivyo walivyovaa waimbaji wa Kigiriki, na eti muziki wake hauwezi kusimama juu ya visigino vya Paris. Apolline akazitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

"Bwana Tournel, nyimbo zako nitaziimba. Lakini hivi vidole vya miguu vilivyopinda, aliyeviona ni marehemu mume wangu tu, na yeye aliapa kunyamaza."

Wameelewana hivi: avae viatu vyake mwenyewe, ila mikono iwe mitupu. Bila glavu! Bibi de Brémoy, mwenye sebule tutakamoimba tarehe ishirini na nne, ataona aibu mbele ya wageni wake. Shauri yake.

Niandike kwa mpango, maana kichwa hakijatulia. Nyimbo ni nne. Maneno ni ya Kigiriki cha kale, yalifukuliwa Misri, kwenye jalala la watu wa kale: vipande vya mafunjo, yale matete waliyoyafanya karatasi, vimechanika, vimeliwa na mchwa. Mshairi hajulikani jina. Profesa mmoja ameyatia katika Kifaransa chetu, na Bwana Tournel ameyatungia muziki. Sasa kichaa chake ni hiki — palipochanika hataki paunganishwe. Neno likikosekana, sauti ikosekane, na piano nayo ikosekane. "Bibi Zélie, mikono mapajani!" Basi nakaa kama niko kanisani, nahesabu mapigo manane. Vidole vinaniwasha. Miaka ishirini na miwili nampigia Apolline piano, na sijawahi kuombwa kupiga kimya.

Kilichonikosesha raha si hicho. Katika wimbo wa pili Apolline alinyamaza pasipo na pengo. Katikati ya mstari! Nikadhani anavuta pumzi. Akalitazama bomba la jiko la makaa, kisha akaendelea kama si yeye. Bwana Tournel akaruka kitini: pale pana maneno, Bibi! Naye, bila kupepesa:

"Nilisikia pengo."

Nikangoja ngurumo. Mtu huyu alishamliza mpiga filimbi kwa ajili ya nota moja. Badala yake akauma penseli, akauma tena, akachora mabano kwenye karatasi yake. Akasema pengo hilo ni zuri kuliko yote aliyoyakuta.

Jumatano, 2 Machi

Nimekichukua kitabu cha profesa nikautazama wimbo wa pili. Mstari ni mzima. Hapajachanika hata herufi.

Apolline kala vizuri, supu ya liki bakuli mbili. Nimemuuliza kwa mzaha kuhusu lile pengo lake. Kanijibu niache kuwa mpelelezi. Labda uchovu. Ana miaka hamsini na mitatu, nani asiyechoka!

Jumamosi, 5 Machi

Mazoezi tena. Mapengo mapya mawili katika wimbo wa kwanza, moja katika wa tatu. Bwana Tournel anafuta, anachora mabano, anafuta, kifutio kimekuwa kama harage. Kamwambia Apolline kwamba yeye peke yake Paris nzima anaelewa. Waimbaji wengine, asema, wanaogopa kimya kama watu wanavyoogopa deni. Apolline akainamisha kichwa, akapokea sifa zote. Mafunjo yaliyokaa ardhini karne ishirini bila kuharibika zaidi, sasa yanachanika kila tukikutana!

Nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba majuzi aliniuliza mara tatu kama dirisha la jikoni limefungwa.

Wimbo wa nne tu ndio haujabadilika. Wenyewe umebaki na maneno tisa. Tisa! Mengine yote mashimo. Nayaandika hapa, kwa kuwa yananizunguka kichwani hata sokoni:

Nifunge nywele … taa … mlangoni … bado, mama, bado … nani aniite.

Nampenda mshairi huyu asiye na jina. Namchukia pia. Naapa nasikia vyote viwili.

Alhamisi, 10 Machi

Katikati ya Kwaresima, na jiji zima limepata wazimu wa siku moja. Tarumbeta, vinyago, wafuaji nguo na malkia wao waliyemchagua kwa siku hii, juu ya gari la maua. Nimekaanga chapati za maji kwa ajili yetu wawili. Apolline alishuka saa nane kununua limau. Duka liko chini ya nyumba yetu, mtu anaweza kulitemea mate kutoka dirishani.

Saa tisa hajarudi. Saa kumi hajarudi. Mama Bricou, bawabu wetu, akaniambia amemwona akivuka barabara kuelekea mtoni, anatembea kama mtu mwenye miadi. Nikavaa viatu bila soksi.

Sijui kilichonipeleka kule. Ni miguu tu. Nilimkuta kwenye nyumba yao ya zamani, ile aliyokaa na mumewe, Bwana Desrieux, ile aliyoihama miaka tisa iliyopita alipobaki mjane akaja kukaa nami. Yuko mlango wa juu, anasukuma ufunguo wetu ndani ya kitasa chao. Nywele zimejaa vipande vya karatasi za rangi. Mwanamke wa nyumba hiyo anamkemea, mtoto kiunoni. Apolline naye anamjibu kwa adabu kubwa kwamba mafundi wameharibu kitasa, atamwambia mume wake akirudi.

Nikamshika mkono. Nikasema, "Shoga, chapati zinapoa."

Akanitazama. Nikaona anarudi, polepole, kutoka mbali. Akauona ufunguo, akaona mlango. Akasema, "Hizi fujo za barabarani zinampoteza mtu." Nikasema ndiyo, zinapoteza. Tukashuka. Limau alikuwa nalo mfukoni.

Chapati zilikuwa zimeshapoa. Tumezila hivyo hivyo, na sukari.

Ijumaa, 11 Machi

Kahawa mara nne. Nimevunja kikombe. Sijasema neno, naye hajasema.

Jumapili, 13 Machi

Amesema yeye.

Tulikuwa tumetoka misa. Akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha piano — changu! — akanigeukia.

"Zélie, acha kuninyatia kwa ncha za vidole. Najua."

"Unajua nini?"

"Usinifanye mjinga, mwenzangu. Nasahau. Si majina ya watu tu, hayo kila mtu husahau. Nasimama naimba, na neno linalokuja, haliji. Natazama mbele, naona nyeupe."

Akainua kifuniko cha kiti. Chini ya nota zangu za mazoezi kulikuwa na vikaratasi, thelathini, arobaini, mwandiko wake wa kiwavi. Maneno ya nyimbo alizoziimba nusu ya maisha yake. Na kimoja: *Zélie hapendi vitunguu vibichi.* Na kingine: *Mume wangu amefariki. Usimuulizie.*

Nililia, na sioni haya kuandika. Yeye hakulia. Akaningoja nimalize kama mtu anayengoja mvua ipite.

Kisha akasema la kwake. Nyimbo zote zimemwacha, zimebaki hizi za Bwana Tournel. Kwa nini hizi? Kwa sababu katika hizi akinyamaza watu hudhani ni Ugiriki! Akacheka kweli. Aliposahau mara ya kwanza alitaka ardhi immeze, na yule bwana akampa sifa ambazo hakupewa alipokuwa na sauti ya miaka thelathini. Anataka kuimba tarehe ishirini na nne, mara moja, asimame mbele ya watu wanaomjua, amalize vizuri, kisha afunge mdomo mwenyewe. Asiondolewe jukwaani kama sahani chafu.

"Na wa nne ndio wangu hasa," akasema. "Maneno tisa, Zélie. Maneno tisa hata mimi nitayabeba."

Nikamwambia huu ni wazimu. Nikamwambia Bwana Tournel ana haki ya kujua. Akasema Bwana Tournel akijua atamtafuta msichana wa miaka ishirini kabla ya chakula cha mchana. Hilo kweli.

Nikauliza: na ukipotea kabisa? Ukawa kule kwenye mlango wa zamani, mbele ya watu mia?

Akanyoosha mkono wa kushoto. Pete ya Bwana Desrieux. "Nikipotea nitaigeuza hii. Ukiniona naigeuza, fanya utakalo, lakini nitoe."

Jumanne, 15 Machi

Nitakachofanya ni kuzimia. Nimeliwaza siku mbili. Mpiga piano akianguka, shughuli imekwisha, na hakuna atakayemtazama mwimbaji. Wataleta chumvi ya kunusa, watanifungua vifungo vya gauni, watasema maskini Bibi Zélie, umri. Vizuri! Umri uniangukie mimi.

Nimefanya mazoezi kwenye zulia. Kuanguka kutoka kwenye kiti cha piano si kazi ndogo. Mara ya kwanza nilishika kinanda na vidole vikapiga kelele ya kutisha. Mara ya pili nilianguka kama gunia la viazi, nyonga imevilia damu. Apolline alikuwa amekaa kwenye sofa, anahukumu.

"Umeweka mkono kwanza. Mtu aliyezimia haweki mkono."

"Basi njoo uanguke wewe!"

"Mimi nimeajiriwa kuimba."

Mama Bricou akapanda kuuliza kama tunahamisha kabati. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Muda mrefu sikuwa nimemwona hivi. Halafu akaniuliza, machozi ya kicheko bado yapo mashavuni, kwa nini nilikuwa sakafuni.

Jumamosi, 19 Machi

Leo nilitaka kupasua jipu. Nilimsindikiza Bwana Tournel mpaka kituo cha basi la farasi, nikajifanya naenda kununua uzi. Mvua nyembamba. Nilikuwa na sentensi yangu tayari: Bwana Tournel, mapengo yako hayatoki Ugiriki.

Nikafungua mdomo, na yeye akaanza kusema kwanza. Mtu mkavu huyu, sijawahi kumsikia akisema jambo lisilo la nota! Akasema ana miaka ishirini anaandika muziki. Watu humpigia makofi, hula biskuti, humwuliza habari za mama yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunyamaza kwa ajili ya wimbo wake. "Bibi Desrieux ndiye wa kwanza," akasema. "Ananyamaza kana kwamba kitu kimechukuliwa kutoka kwake. Anafanyaje, Bibi Zélie? Wewe unamjua."

Nikasema, anafanya kazi sana.

Basi likaja. Akapanda. Nikabaki pale nimelowa, nina hasira naye, na zaidi nina hasira nami. Mimi ni mwongo. Nikanunua uzi kweli, mweusi, ambao hatuuhitaji.

Jumatano, 23 Machi

Mazoezi ya mwisho, kwa Bibi de Brémoy mwenyewe, kwenye piano yake ambayo kanyagio lake linalia kama paka. Roho juu tangu asubuhi.

Na Apolline ameimba bila kosa. Bila kosa! Kila neno, kila pengo la kweli la mafunjo, mapigo manane ni manane. Sauti yenyewe ilikuwa changa. Katika wimbo wa tatu, ule wa mfumaji — *usizime taa, uzi haujaisha* — nilisisimka mpaka kwenye mikono. Nikafikiri: labda tumejitisha bure. Labda ilikuwa baridi ya Februari, ujane, uchovu, tumbo. Nikafikiri tutakula kuku Jumapili.

Bwana Tournel akakunja karatasi zake. Kisha, kwa upole, kama anamwambia mgonjwa: "Leo imekuwa sawa mno, Bibi. Yale mapengo yako yako wapi?"

Apolline akanigeukia. Nikaona hajui anaulizwa nini.

Akaletewa karatasi yenye mabano yote. Akayasoma mstari kwa mstari, kidole juu yake, kama mtoto anayefundishwa kusoma. Sasa anatakiwa ajifunze kwa moyo mahali pa kusahau! Nilitamani kumtupia yule bwana kile kinubi cha mapambo kilichoko dirishani. Apolline akasema tu, "Kesho yatarudi, bwana. Usihofu."

Nyumbani kaoga, kala, kalala mapema. Pete ipo kidoleni, nimeitazama.

Alhamisi, 24 Machi. Saa kumi na nusu alasiri

Naandika kwa penseli, kitabu juu ya goti, chumba cha nyuma kwa Bibi de Brémoy. Nisipoandika nitapiga kelele. Mapumziko ya robo saa. Nyimbo tatu zimekwisha, umebaki wa nne.

Watu wamejaa mpaka ukumbini. Kofia, manyoya, harufu ya maua yaliyofungiwa. Apolline aliingia mikono mitupu na mnong'ono ukapita kama upepo kwenye majani makavu, kisha akasimama mahali pake, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, wageni wakatulia wote. Wa kwanza, vizuri. Wa pili, vizuri, pamoja na lile pengo la bomba la jiko — sijui alilikumbuka au alilisahau upya.

Wa tatu. *Usizime taa, uzi —*

Akanyamaza.

Hapana mabano pale. Hata Bwana Tournel hajachora pale. Nikaweka mikono mapajani, nikaitazama mikono yake. Haikusogea. Nikahesabu manane. Kumi na mawili. Ishirini! Hakuna aliyekohoa. Mwanamke mmoja wa mbele alikuwa analia wazi, hajui kwa nini. Mimi naiangalia ile mikono: geuza, Apolline, geuza, nianguke! Haikugeuza. Nikafikiri basi yupo, anajua alipo, kimya hiki ni chake.

Kisha akaimba. Akaimba mwanzo wa wimbo wa kwanza — *njooni, wasichana, na masega yenu*. Kwa utulivu kabisa. Nikamkimbilia kwa vidole, ufunguo mwingine kabisa wa muziki, sijui nilivyofika. Tulienda mistari minne. Nikafunga kwa akodi ndefu, nota nyingi kwa pamoja, nikasimama mimi kabla hajaendelea, naye akaniiga akainama. Sijawahi kusikia makofi kama yale katika sebule ya mtu.

Bwana Tournel aliingia humu uso umelowa. Akapiga goti! Akamshika mkono wa kushoto akaubusu. "Umerudi mwanzo, Bibi. Uzi umerudi mwanzo! Nitauchapisha hivyo hivyo, nitaandika jina lako juu yake." Akatoka akikimbia kwenda kuwaeleza wageni.

Apolline akauacha mkono hewani, alipouachia yeye. Ndipo nikaona. Kidole kitupu. Alama nyeupe tu, miaka thelathini ya pete.

"Apolline, pete iko wapi?"

"Ipi?"

"Pete. Ya Bwana Desrieux."

"Ah!" Akafurahi, kama mtoto aliyepata jibu. "Iko kwenye kisahani cha sabuni. Niliivua asubuhi nisije nikaisahau."

Nikamwambia tusirudi. Nitamwambia Bibi de Brémoy nimeugua ghafla.

"Uugue nini na wewe, farasi mzima! Umebaki wimbo gani?"

"Wa maneno tisa."

"Nitajie."

Nikamtajia. Akayasema nyuma yangu, yote tisa, kwa mpangilio wake, na lile *bado, mama, bado* akalisema vizuri mpaka nikashindwa kumtazama. Kisha akanipapasa shavu. "Usiwe na wasiwasi, shoga. Nikipotea nitageuza pete. Si tumekubaliana?"

Hilo analikumbuka.

Kengele ya kwanza. Nje wanavuta viti. Naweza kuanguka hapa hapa sasa, kwenye zulia hili, bila kuweka mkono. Naweza pia kumwacha akaimbe maneno tisa, na watu wanyamaze kwa ajili yake mara moja zaidi. Sijui lipi ni la kumpenda. Sijui!

Amesimama mbele ya kioo, anajitazama, anatabasamu kwa heshima, kama vile amekutana na mgeni. Mkono wa kulia umekishika kile kidole kitupu cha kushoto. Anakigeuza. Anakigeuza, anakigeuza. Nimemwita mara mbili. Kengele ya pili. Wamefungua mlango, wameanza kupiga makofi, naye bado anageuza —